Kitani: Uza mbegu nzima, usikimbilie unga

Mbegu za kitani zimeanza kuzoeleka sokoni. Kwenye rafu za maduka makubwa zinaandikwa flaksi, kwenye maduka ya viungo ya Wahindi zinaitwa alsi, na wenye farasi waliorithi ufugaji wa Kiingereza wanazijua kama chakula cha kung'arisha manyoya ya mnyama. Mnunuzi anaambiwa zinalainisha choo, zinashusha shinikizo la damu na kulinda moyo. Baadhi ya hayo ni kweli. Lakini kadiri wateja wanavyoongezeka ndivyo wachuuzi wanavyovutiwa kuacha mbegu nzima na kuhamia kwenye unga, kwa sababu unga unapendeza kwenye pakiti na muuzaji anaweza kuudai bei ya juu kwa kisingizio cha gharama ya kusaga. Uhamaji huo ni kosa la kibiashara, na sababu zake ziko ndani ya mbegu yenyewe.

Kwanza ieleweke ni kitu gani kinachouzwa. Kiasi cha asilimia 40 ya uzito wa mbegu ya kitani ni mafuta, na zaidi ya nusu ya mafuta hayo ni asidi ya jamii ya omega-3, ile inayotokana na mimea. Gamba la nje lina ute mwingi ambao ukikutana na maji huvutika kama mlenda. Mafuta ndiyo yanayoleta sifa za moyo na manyoya. Ute ndio unaolainisha choo. Vyote viwili vimefungwa ndani ya ganda dogo, gumu na linaloteleza, ambalo meno ya binadamu hulikosa na ya farasi vilevile. Mbegu nyingi zikimezwa nzima hutoka nzima. Ndiyo maana wataalamu wa lishe hushauri zisagwe, na ndiyo maana mwenye duka huona anamfanyia mteja hisani kwa kumsagia.

Kwa farasi habari ni hiyo hiyo. Farasi anayeshinda malishoni hana haja kubwa na kitani, kwani nyasi mbichi zina omega-3. Shida ni ya farasi wa zizini, yule wa mbio au wa polo. Nyasi zikikaushwa hupoteza sehemu kubwa ya mafuta hayo, na nafaka anazoongezewa, kama mahindi na oti, zimeelemea upande wa omega-6. Kitani kinarudisha mizani. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph, Canada, walichapisha jaribio la siku 42 kwa farasi wenye mzio wa kuumwa na visubi. Walipolishwa unga wa kitani, karibu nusu kilo kwa siku kwa mnyama wa kilo 450, uvimbe wa ngozi kwenye kipimo cha mzio ulipungua. Ni habari ya kutia moyo, ila farasi waliojaribiwa walikuwa sita tu. Muuzaji anayeandika kwenye gunia kwamba kitani kinatibu mzio anauza kitu asichokuwa nacho ghalani.

Upande wa pili wa mbegu hii ni sumu. Kitani, kama ulivyo muhogo, kina viambato ambavyo vikikutana na kimeng'enya chake penye maji huachia sianidi. Mbegu ikiwa nzima na kavu, viambato na kimeng'enya vimetengana, kila kimoja chumbani mwake. Ikisagwa, ukuta unavunjika. Unga ukilowa, kazi inaanza, na maji ya vuguvugu yanaiharakisha.

Wasomaji wa Pwani na wa Mtwara hawahitaji kufundishwa habari za sianidi kwa jina la kitaalamu. Wanaujua muhogo mchungu. Humenywa, hulowekwa siku kadhaa, maji yakamwagwa, ukaanikwa, na chungu kikaachwa wazi wakati wa kupika. Lakini ni hapa hapa ambapo ujuzi wa muhogo unaweza kumponza mtu. Kwa muhogo, kuloweka ni tiba, kwa kuwa sumu inaachiliwa na sehemu kubwa inaondoka na maji yanayomwagwa. Kwa unga wa kitani, maji hayamwagiki. Yamekwisha kugeuka ute, na ute ndio chakula chenyewe. Kilichoachiliwa humo kinanywewa humo humo. Anayeloweka unga wa kitani usiku kucha akidhani anaupunguza makali, kama alivyozoea kufanya kwa muhogo, ameipa sumu muda mrefu zaidi wa kujitengeneza.

Waingereza wafuga farasi walikuwa na dawa yao ya zamani, na inafaa kujulikana na kila anayeuza mbegu hii kwa wenye mazizi. Mbegu nzima hulowekwa usiku, kisha huchemshwa kwa nguvu na kuachwa kwenye moto mdogo mpaka zipasuke na maji yawe mazito kama uji. Hupozwa, huchanganywa na chakula na kulishwa siku ile ile. Kuchemsha kunafanya kazi mbili kwa pamoja. Kunaua kimeng'enya, na kunaifukuza sianidi yenyewe, ambayo huchemka na kuwa mvuke kwenye kiasi cha nyuzi 26 tu za Selsiasi, joto ambalo Dar es Salaam hulipita mchana wowote wa Januari. Kwa hiyo sufuria isifunikwe, na jiko liwe mahali penye hewa. Hatari iko kwa mwenye haraka: anamimina maji ya moto juu ya mbegu zilizosagwa, anafunika ndoo, kisha anaiacha ikae vuguvugu hadi saa ya kulisha.

Njia ya pili, ambayo wafugaji wengi wa Marekani na Canada wanaipendelea siku hizi, ni kusaga mbegu kavu na kulisha kavu, mara tu baada ya kusaga. Tindikali ya tumbo la farasi husaidia kuzima kimeng'enya kabla hakijafanya kazi kubwa. Kwa farasi wa kilo 500, gramu 100 hadi 200 kwa siku ni kiasi cha kawaida, akianzishwa na konzi moja na kuongezewa kidogo kidogo kwa wiki mbili ili tumbo lizoee. Kisichofaa ni kuchanganya unga huo na pumba na maji asubuhi ili mnyama ale jioni.

Punda ana mambo yake. Mnyama huyo ameumbwa kuishi kwa majani makavu yasiyo na nguvu, hunenepa upesi, na mafuta ya ziada humletea maradhi ya kwato kabla hayajamletea manyoya mazuri. Mchuuzi wa Lamu asijisumbue kumtafutia soko la kitani.

Tena ikubalike kwamba soko la farasi katika Afrika Mashariki ni dogo, na mteja mwenyewe ni mtu anayejua anachotaka. Fedha ziko kwa binadamu, na kwa binadamu ndiko maneno yanakogongana.

Mwaka 2014 Wizara ya Afya ya Canada iliruhusu wauzaji waandike kwenye pakiti kwamba unga wa mbegu nzima za kitani husaidia kushusha lehemu, yaani kolesteroli, na kwamba gramu 16, ambazo ni vijiko viwili vya chakula, hutoa asilimia 40 ya kiasi kilichoonyeshwa kuwa na faida hiyo kwa siku. Mwaka mmoja kabla, watafiti wa Canada walikuwa wamechapisha jaribio la wagonjwa 110 wenye maradhi ya mishipa ya miguu. Waliokula gramu 30 za unga wa kitani kwa siku, ukiwa ndani ya mikate na vyakula vingine, walionekana baada ya miezi sita wakiwa na shinikizo la damu la chini kuliko wenzao. Hizo ni habari njema kwa muuza unga.

Sasa vuka bahari. Mamlaka ya chakula ya Sweden inawashauri wananchi wake wasile kabisa kitani kilichosagwa, na kile kizima wasizidishe kijiko kimoja au viwili kwa siku. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya nao uliweka kikomo cha sianidi katika mbegu za kitani zinazouzwa kwa mlaji: miligramu 150 kwa kila kilo. Mnunuzi anayesoma pande zote mbili ana haki ya kuuliza nani mkweli.

Hesabu fupi inasaidia. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2019 kwamba mtu asipate kwa mlo mmoja zaidi ya mikrogramu 20 za sianidi kwa kila kilo ya uzito wake. Mtu mzima wa kilo 60 kikomo chake basi ni miligramu 1.2. Chukua kitani chenye kiwango cha juu kinachoruhusiwa, pima kijiko kimoja cha chakula cha unga, yaani gramu 8: ndani yake mna miligramu 1.2 kamili, iwapo yote itaachiliwa. Mtoto wa kilo 15 anafikia kikomo chake kwa robo ya kijiko hicho.

Hilo "iwapo" ni kubwa. Mwaka 2016 watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo ya jaribio ambamo watu wazima 12 walilishwa vyakula mbalimbali vyenye kiasi kile kile cha sianidi iliyofungwa, na damu yao ikapimwa. Kitani kiliipandisha sianidi ya damu taratibu, na kilele chake kilikuwa chini sana ya kile cha muhogo. Mwili wa mtu mzima mwenye afya una uwezo wa kuisafisha sianidi ikija kidogo kidogo. Kwa hiyo Canada haidanganyi, na Sweden haitishi watu bure. Mmoja anamtazama mtu mzima mwenye lehemu nyingi anayekula vijiko viwili kwa mpangilio. Mwingine anamtazama kila mtu anayeweza kufungua pakiti, pamoja na mtoto, na pamoja na yule anayeamini kwamba dawa ya asili haina kipimo.

Mchuuzi wa Afrika Mashariki anauza kwa mnunuzi wa aina zote mbili, na pakiti nyingi za unga hazimwambii kitu. Hazisemi kijiko kimoja ni cha nani. Hazisemi kwamba kitani kinahitaji maji mengi, kwa vile ute ukivimba tumboni bila maji unaweza kuziba njia badala ya kuifungua. Hazimwambii anayetumia dawa za kuzuia damu isigande, wala mjamzito, amuulize daktari kwanza. Wala hazisemi kwamba dawa za kumeza zisinywewe pamoja na kitani, maana ute huo unaweza kuchelewesha dawa kuingia mwilini. Badala yake zinamwambia kitani ni mbadala wa samaki. Hapo napo pana kutia chumvi: mwili wa binadamu hugeuza sehemu ndogo tu ya omega-3 ya mimea kuwa ile inayopatikana kwa samaki, na mwenye shilingi chache anayetaka moyo mzuri bado anafanya biashara nzuri zaidi kwenye fungu la dagaa.

Ethiopia, ambako kitani kimelimwa tangu zamani, wana utaratibu ambao wafungashaji wangeweza kuuiga bila gharama kubwa. Mbegu hukaangwa kavu kwanza, kisha hutwangwa, ndipo hutiwa maji kutengeneza kinywaji chao cha telba. Moto unadhoofisha kimeng'enya kabla maji hayajafika. Kuoka unga ndani ya mkate au chapati, au kuutia kwenye uji ambao bado unachemka na haujafunikwa, kunafuata njia hiyo hiyo. Linaloenda kinyume ni lile la kusaga mbegu mbichi na matunda kwenye blenda jioni ili glasi inywewe asubuhi.

Lipo pia suala la kukaa ghalani, ambalo linamgusa mfanyabiashara mfukoni moja kwa moja. Mbegu nzima na kavu hukaa miezi mingi bila kuharibika. Unga ni mafuta yaliyofunguliwa hewani. Wauzaji hupenda kutaja utafiti wa Canada wa mwaka 2000 ulioonyesha kwamba unga wa kitani uliwekwa kiasi cha miezi minne bila kubadilika sana. Ni kweli, lakini uliwekwa kwenye nyuzi 23. Hakuna stoo ya bati ya Kariakoo wala Mombasa yenye nyuzi 23 saa nane mchana. Unga ulioharibika hunuka kama rangi ya mafuta, na si ajabu, kwani mafuta ya kitani yamekuwa yakitengenezewa rangi kwa karne nyingi kwa sababu hiyo hiyo ya kupenda kushikana na hewa na kukauka. Mbegu inayonuka hivyo haifai kwa mtu wala kwa farasi, na kuichanganya na mpya ili iishe ni kuharibu gunia mbili.

Na hapo kwenye rangi pana mtego mwingine. Maduka ya vifaa vya ujenzi huuza mafuta ya kitani kwa jina la linsidi, kwa ajili ya mbao. Yale yanayoitwa "yaliyochemshwa" hutiwa viambato vya madini kama kobalti na manganizi ili yakauke haraka. Jina linamdanganya mnunuzi, ambaye amesikia kwamba kitani kikichemshwa ndipo huwa salama. Mafuta hayo si ya kunywa wala ya kulisha mnyama hata tone. Mwenye duka linalouza chakula cha mifugo na vifaa vya ujenzi chini ya paa moja ayaweke mbali na magunia. Matambara yaliyolowa mafuta hayo nayo yasirundikwe pembeni, maana hupata joto yenyewe na kuwaka moto.

Unga una kasoro moja zaidi ambayo wafanyabiashara wa jumla wangeifikiria kwa makini: unaficha asili yake. Septemba 2017, katika wilaya ya Kasese, Uganda, watu 98 walipata sumu ya sianidi na wawili kati yao wakafariki baada ya kula chakula kilichopikwa kwa unga wa muhogo. Uchunguzi ulifuatilia unga huo hadi kwa muuzaji mmoja wa jumla. Kitani hakijafikishwa kwenye maafa ya namna hiyo, na huliwa kwa vijiko, si kwa sahani. Hata hivyo somo kwa mwenye ghala ni lile lile. Mbegu nzima inaonekana: kama ina mchanga, ukungu, mbegu za magugu, au imepakwa dawa ya rangi kwa ajili ya kupandwa, macho yatasema. Ikishasagwa, mnunuzi amebaki na neno la muuzaji, na likitokea la kutokea neno hilo ndilo litakaloulizwa.

Wapo wenye mitaji midogo wanaouliza kama walime kitani wenyewe. Historia inawashauri watulie. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza walowezi wa nyanda za juu za Kenya walikimbilia kitani cha nyuzi bei ilipopaa, na kati ya 1920 na 1921 bei ikaporomoka na kuwaacha na madeni. Mbegu za leo zinategemea zaidi Urusi, Kazakhstan na Canada, na bei hutikisika kwa mambo yasiyoonekana shambani. Mwaka 2009 Ulaya ilipokuta katika shehena za Canada chembe za aina ya kitani iliyobadilishwa vinasaba, aina iliyokuwa imefutiwa usajili tangu 2001, Canada ilipoteza soko lake kubwa na washindani wake wakaingia.

Mwenye mtaji mdogo ana nafasi bora zaidi mwishoni mwa mnyororo huo. Anunue gunia safi la mbegu nzima, alipepete, alifungashe nusu kilo nusu kilo kwenye mifuko isiyopitisha unyevu wala mwanga. Anayetaka unga asagiwe pale pale kaunta kwa mashine ndogo, kama kahawa inavyosagwa, kwa kiasi cha wiki moja, na aambiwe auweke kwenye jokofu. Ndani ya mfuko kiwekwe kikaratasi: mtu mzima kijiko kimoja hadi viwili kwa siku, aanze na nusu kijiko, anywe maji ya kutosha, mtoto mdogo asipewe bila ushauri wa daktari, unga usilowekwe na kuachwa, kwa farasi, saga na ulishe kavu papo hapo, au chemsha mbegu nzima bila kufunika hadi zipasuke. Malipo ya kusaga yaandikwe peke yake kwenye risiti, mbali na bei ya mbegu, ili mteja aone analipia nini.